Hotuba juu ya Kuhifadhi Masikio
(Ilisomwa mbele ya Waislamu wa Kimironko, Kigali)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii nizungumze juu ya amana tuliyopewa bila ya kuinunua, nayo ni sikio.

Wako miongoni mwetu wasikiao mlio usiokoma, kama wa nyenje au filimbi, na hali nje ni kimya. Wengine huuficha, wakichelea kuambiwa wana majini au wamerukwa na akili. Sivyo. Ndani ya sikio mna kijumba kilichojipinda mfano wa gamba la konokono, na humo mna chembe hai zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, zipokeazo sauti. Kelele kubwa huzilaza kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Zikipumzishwa mapema huweza kuinuka. Zikifa hazioti tena. Nao ubongo, ukizikosa sauti zilizopotea, hujitungia mlio wake.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma, ikifika 90, saa 4 tu, ikifika 100, dakika 20. Basi na afikiri fundi ashindaye penye misumeno ya umeme kule Gisozi, na kijana alalaye na vipokea sauti masikioni, na sisi sote tukaao mbele ya vipaza sauti vya arusi.

Mnakumbuka kuwa mwezi Machi 2018 misikiti ya Nyarugenge ilikatazwa kuadhini kwa vipaza sauti. Wako Waislamu waliosema kuwa ingetosha kupunguza sauti. Neno hilo lilikuwa la busara, nasi yatupasa tulitimize kwanza majumbani mwetu na katika sherehe zetu. Bilali bin Rabah, Mwenyezi Mungu amridhie, aliadhini kwa koo lake tu, na watu wakaja.

Fundi avae vizibo vya masikio, kwani pamba haitoshi. Kijana apunguze sauti ya simu na kuyapumzisha masikio. Watoto wasikalishwe karibu na spika.

Na aliyekwisha kupatwa na mlio, asikate tamaa. Hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa, lakini watu wengi huuzoea. Usiku asikae katika ukimya mtupu. Afungulie redio kwa sauti ndogo, na polepole ubongo hujifunza kuupuuza. Amwendee daktari, maana pengine sababu ni nta tu, au dawa kama kwinini. Lakini ambaye sikio limeacha kusikia ghafla, au mlio wapiga sawa na mapigo ya moyo, asikawie hata kidogo.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Yetu bado yasikia, tuyatunze.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.