Nyumba ya nkambo wetu Likasi

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa



Nimeombwa niwaeleze jinsi familia yetu ilivyopata tena nyumba ya nkambo wetu, mama yake baba yangu. Mimi si avoka. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninachokijua nimekijifunza nikibeba makaratasi ya mwanamke mzee kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mengine niliyajua nikiwa nimechelewa. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa, ili ninyi msichelewe kama sisi.

Wakubwa mliopo mnayakumbuka ya 1992, lakini vijana wengi hawakufundishwa, kwa hiyo nitasema kidogo. Watu wa Kasai walikuja Katanga tangu siku za Wabelgiji, kwa kazi ya migodi na ya reli. Wengi walizaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazika wazazi wao hapa. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferensi ya Taifa huko Kinshasa ilimchagua Etienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, maneno ya chuki yalikuwa yamekwisha kusemwa hadharani kwa miezi mingi, na vijana wa chama cha UFERI walikuwa tayari. Likasi ikawaka mwezi huo wa nane. Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Watu walitolewa majumbani mwao, wakakaa kwenye stesheni na mashuleni wakingoja treni ya kwenda Kasai, na wengi walikufa wakingoja au njiani, wazee na watoto kwanza. Walioondoka ni mamia ya maelfu.

Mwaka 2016 wakubwa hao wawili, Tshisekedi na Kyungu, walikaa katika muungano mmoja wa upinzani. Siwalaumu. Kupatana ni kuzuri. Lakini sikusikia kwamba walipopeana mikono kuna mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Nkambo alikuwa mjane tayari. Mume wake, mfanyakazi wa reli, alikufa 1989 na kuzikwa Likasi. Alimwachia nyumba ya matofali huko Kikula, vyumba vitatu, na miembe miwili aliyoipanda mwenyewe. Siku waliyoondoka, majirani walimpa dakika chache tu. Hakuchukua sufuria wala blanketi. Alichukua mkebe wa maziwa ya unga ambamo aliweka makaratasi: sertifika ya nyumba yenye jina la mume wake, karatasi ya ndoa yao, na karatasi ya kifo iliyotolewa na etasivili ya komini. Alikaa stesheni majuma mengi, mkebe ukiwa chini ya kichwa chake usiku. Wengine waliokuwa karibu naye waliuza nyumba zao kwa bei ya safari. Yeye alikataa, na watoto wake wakamwona ni mkaidi.

Alikaa Mwene-Ditu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2003 baba yangu alimleta hapa Lubumbashi, tukakaa naye Katuba. Mwaka uliofuata akataka kwenda kuiona nyumba yake. Tulipobisha mlango, alitoka mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini hivi, naye pia mjane. Alitukaribisha, akatupa maji. Alituambia mume wake alinunua nyumba ile mwaka 1996 kwa bwana mmoja, na kwamba karatasi anayo. Akatuonyesha. Ilikuwa karatasi ya kuuzia nyumba, ya Oktoba 1992, na chini yake pamewekwa sahihi ya babu yetu, aliyekuwa kaburini kwa miaka mitatu.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipokosea. Kesho yake tungaliweza kurudi na wazee, tukakaa chini na mama yule. Badala yake tulirudi Lubumbashi kwa hasira, tukatafuta avoka, tukamtumia barua kali. Katika barua hiyo aliitwa mwizi. Yeye hakuiba kitu. Alidanganywa, kama sisi tulivyonyang'anywa. Alipoisoma, alitafuta avoka wake, na tangu siku hiyo hatukuzungumza naye tena kwa miaka sita ila kupitia watu tuliowalipa. Tuliuza parseli moja ya baba ili kulipia kesi hiyo.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa sababu wengi mnadanganywa.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ile ya tarehe 20 Julai 1973. Inasema udongo wote ni wa Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa kwa sertifika ya kuandikishwa. Karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitano na mashahidi kumi. Kwa hiyo mama yule hakuwa na kitu mbele ya sheria, na mkebe wa nkambo ulikuwa na kila kitu. Karatasi ya kifo ndiyo iliyoshinda kesi. Avoka wao alisema vizuri sana kwa muda mrefu. Wetu alisimama, akaonyesha tarehe mbili, akaketi.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu tulikuwa na bahati. Kama yule bwana wa kwanza angalikwenda ofisi ya ardhi akajifanyia sertifika mpya kwa jina lake, mambo yangekuwa magumu. Kifungu cha 227 kinampa aliyenyang'anywa kwa kosa au kwa hila miaka miwili ya kuomba sertifika hiyo ifutwe. Ikipita, kwa kawaida kinachobaki ni kudai fidia, na nyumba yenyewe imekwenda. Miaka miwili! Nkambo alikuwa Mwene-Ditu kwa zaidi ya kumi. Mtu aliyekimbia risasi hajui hata kama muda umeanza kuhesabiwa. Mimi naona hapo sheria yetu haikuwafikiria waliohama. Kwa hiyo ninyi mliotoka Mitwaba na Pweto, kama mna mtu mnayemwamini huko nyuma, mtumeni aulize ofisini parseli yenu imeandikwa kwa jina la nani. Msingoje mpaka mrudi.

Na wale wenye livre ya logeur, ile ya wazee wetu wa Kenya, Kamalondo na Katuba? Itunzeni, inaonyesha nani alikaa wapi tangu zamani. Lakini msidhani ni sawa na sertifika.

Kuna jambo lingine walilotuambia baadhi ya wajomba: kwamba mwanamke hana nyumba, nyumba ni ya ukoo wa mume. Sheria ya Familia ya 1987 haisemi hivyo. Inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake, na watoto ndio warithi wa kwanza. Tulipomsomea nkambo maneno hayo, alicheka, akasema hakujua kwamba Kinshasa waliwahi kumfikiria.

Tribinali ilitupa haki mwaka 2008. Wao wakaomba rufaa, na mwaka 2010 hukumu ikathibitishwa. Avoka alitupigia simu kwa furaha. Kilichobaki ni wisye aende na polisi, vitu vya mama yule viwekwe barabarani, tuingie.

Nkambo akakataa.

Alisema: «Mimi nilitolewa hivyo hivyo. Sitaingia kupitia mlango huo.» Baba mdogo alikasirika sana. Alituuliza sote kama tuliuza parseli ili tujifunze huruma. Na alikuwa na haki ya kukasirika, siwezi kumdharau. Watu wengi wanaopenda kuhubiri amani hawajapoteza nyumba. Hata katika mikutano kama huu nimewasikia viongozi wakiwaambia waliohama: «Sameheni, msahau, Mungu atawapa nyingine.» Hapana. Nkambo hakusahau nyumba yake hata siku moja, na hakusema kwamba mama yule abaki nayo. Alitaka nyumba yake. Njia ya kuipata ndiyo aliyoichagua mwenyewe.

Tukamwomba shefu wa kartiye atuite. Kiongozi mmoja wa hapo kwanza alitaka «kitu kidogo» ili afungue mlango wa mkutano; tukampita, tukamfuata mwingine. Tulikutana mara tatu. Upande wetu walikuwa wazee wawili wa Kasai waliorudi Likasi, upande wao wazee wawili wa Katanga, mmoja akiwa jirani aliyekuwepo mwaka 1992. Mkutano wa kwanza uliharibika kwa matusi. Katika wa pili, jirani yule alisema mbele ya wote kwamba aliiona siku nkambo alipotolewa, na kwamba hakufanya kitu kwa sababu aliogopa. Hakuna aliyemjibu. Lakini baada ya hapo tuliweza kuzungumza juu ya mabati na matofali.

Kwa maana mama yule na mume wake walikuwa wamejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba, kwa jasho lao. Tulichagua fundi mmoja ambaye pande zote mbili zilimkubali, akapima, akatoa bei, tukapunguza kidogo. Tulikubaliana hivi: familia yake ikae miezi kumi bila kulipa kodi, mpaka watoto wamalize mwaka wa shule, sisi tulipe vyumba viwili kwa mara tatu, yeye asaidie kumtaja na kumtafuta bwana aliyewauzia, ili amdai fedha zake kwa sheria. Bwana huyo hakupatikana mpaka leo. Maneno yote yaliandikwa katika nakala tatu, na avoka wote wawili wakatia sahihi pamoja na shefu. Msikubali mapatano ya mdomo. Wazee wanakufa, na watoto hukumbuka kila mmoja kwa namna yake.

Nkambo aliingia nyumbani kwake mwaka 2011. Mwembe mmoja ulikuwa umekatwa. Alikaa miaka mitatu, akafa 2014, akazikwa karibu na mume wake. Mama yule alikuja kwenye matanga na binti zake, wakapika bukari pamoja na dada zetu. Sisemi tumekuwa ndugu. Tunasalimiana.

Viongozi, naomba kwenu jambo moja. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 34 kwamba mali ya mtu binafsi ni takatifu, na kifungu cha 30 kinampa kila mtu ruhusa ya kukaa mahali apendapo nchini. Na katika Mapatano ya Maziwa Makuu yaliyotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Desemba 2006, mna itifaki nzima juu ya mali ya watu wanaorudi makwao. Kongo ilitia sahihi. Lakini anayeletewa karatasi ya kuuzia parseli ya mtu aliyekimbia ni wewe shefu wa mtaa, si Nairobi. Siku hiyo, kabla ya kupiga muhuri, uliza mwenye jina hilo yuko wapi, na kama yu hai. Muhuri mmoja wa Oktoba 1992 ulitugharimu miaka sita ya tribinali na parseli moja, na ukamgharimu mjane mwingine nyumba aliyodhani ni yake.

Nimalizie kwa aibu yetu wenyewe. Sertifika ile ya ndani ya mkebe hata sasa ina jina la babu yetu aliyekufa 1989. Warithi ni wengi, wengine wako Mbuji-Mayi, mmoja yuko Zambia, na kila mara tulisema tutakutana Krismasi. Mwaka huu ndipo tumeanza kupeleka faili ya urithi, na baba mdogo ndiye anayetusukuma. Mkebe ninao hapa mezani, kwa wale wanaotaka kuona sertifika inafanana na nini. Walio na makaratasi yao wabaki baada ya mkutano, tutayatazama moja moja pamoja na avoka aliyekuja nasi. Hatalipisha kwa leo.