Siku ya 85

Juma hili tuzungumzie siku 84. Ndizo siku ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mwanamke aliyeajiriwa Tanzania Bara ili ajifungue na kulea huku analipwa mshahara wake. Akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, siku huwa 100. Mwaka 2025 sheria hiyo ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti naye aongezewe muda wa kufikia zile wiki 40 ambazo mimba ilipaswa kutimiza. Hesabu ya siku 84 karibu kila mfanyakazi anaijua. Swali langu leo ni hili: siku ya 85 inakuwaje?

Nauliza hivyo kwa sababu malalamiko ninayoyasikia mara nyingi, hapa Bukoba mjini na kwa wenzetu wa Muleba, siyo ya mama aliyenyimwa likizo. Ni ya mama aliyeagwa vizuri, akapewa na kanga ya mtoto, kisha akarudi na kukuta nafasi yake ina mtu mwingine. Muuza duka anaambiwa biashara imekuwa ngumu. Mwalimu wa shule ya binafsi anaambiwa mkataba wake ulikwisha alipokuwa nyumbani. Mhudumu wa nyumba ya wageni hata likizo haifikii. Tumbo limeshatimiza miezi minane, naye bado anapangiwa zamu ya usiku mpaka anachoka na kuondoka. Mwajiri akiulizwa husema, "Sikumfukuza mimi, aliacha kazi mwenyewe."

Sheria haikubali maneno hayo. Inasema mama akimaliza likizo anarudi kazini kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Kukataa kumpokea kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna barua iliyoandikwa. Kumfanyia mtu maisha ya kazini yasivumilike mpaka aondoke, huko nako ni kumwachisha. Kutomwongezea mkataba yule aliyekuwa na sababu za msingi za kutegemea kuongezewa, hali kadhalika. Na mimba haijawa sababu halali ya kumwondoa mtu kazini. Ama zamu ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, mjamzito hapangiwi katika miezi miwili ya mwisho, wala mzazi katika miezi miwili baada ya kujifungua.

Kuna wale wanaodhani sheria hii ni ya watu wa ofisini tu. La hasha. Mkoa wetu unaishi kwa misimu, na akina mama wengi wanachambua kahawa au kuchuma chai kwa vipindi. Ni kweli kwamba kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Lakini aliyerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, na vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anayo haki. Basi dada unayeitwa kibarua, jumlisha miezi yako kabla hujakubali kwamba huna chako.

Tuje kwenye kunyonyesha. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda usiozidi masaa mawili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mtoto. Anayefanya kazi sokoni na kukaa Kashai au Hamugembe anaweza kwenda nyumbani na kurudi. Lakini anayefanya kazi Muleba mjini na kukaa Kamachumu au Nshamba hawezi. Masaa hayo yatamwishia njiani. Huyo na mwajiri wake wakae wakubaliane mapema: ama mtoto aletwe karibu, ama mama atoke mapema jioni. Nimeona waajiri waliofanya hivyo, na maduka yao hayajafungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Haki hizi nyingi hupotea kwa sababu ya karatasi. Sheria inamtaka mjamzito amwarifu mwajiri kusudio lake la kwenda likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na aambatanishe cheti cha daktari. Wengi wetu tunaarifu kwa mdomo, tena kwa aibu, tukisubiri tumbo lijiseme lenyewe. Mdomo hauna nakala. Siku ya mvutano mwajiri atasema aliona mtu haonekani tu kazini.

Kwa hiyo mama, andika barua mbili zinazofanana. Moja mpe mwajiri, ya pili aisaini au aigonge muhuri na tarehe ubaki nayo. Ihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki. Barua hiyo inamsaidia hata mwajiri, kwa kuwa anapata miezi mitatu ya kutafuta mtu wa kushika nafasi kwa muda, naye huyo ajue tangu mwanzo kwamba ni kwa muda.

Ukirudi ukakataliwa, usikae nyumbani kusubiri mwajiri apoe. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa utoe sababu nzito. Tume ina ofisi hapa Bukoba, na kufungua shauri hakulipiwi ada. Najua nauli ya kutoka Muleba ni pesa, tena ukiwa na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nasema siku hizo 30 zihesabiwe kuanzia asubuhi ile ile uliyorudishwa getini.

Nawasikia na waajiri wadogo. Mwenye duka la wafanyakazi wawili anapomlipa aliye likizo na anayeshika nafasi yake, mzigo anausikia. Sheria imeweka mipaka: siku 84 ni kwa kila mzunguko wa miezi 36, na halazimiki kulipia likizo zaidi ya nne kwa mfanyakazi mmoja. NSSF nayo ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Lakini michango isiyopelekwa haizai fao, na hapo wa kulaumiwa siyo mjamzito.

Mwisho, niseme neno ambalo huenda halitawafurahisha baadhi ya akina mama wanaonisikiliza. Wengi mnaweza kurudi kazini siku ya 85 kwa sababu kuna msichana nyumbani anayembeba mtoto. Msichana huyo ni mwajiriwa, na sheria hii haikumwacha nje. Naye akishika mimba, katika nyumba nyingi za mjini hapa hufungiwa begi lake siku hiyo hiyo na kupelekwa stendi. Mama aliyelia kwa kunyimwa kiti chake dukani ndiye anayemkatia tikiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wazee walisema. Basi mzazi aliyeujua na amwandikie msichana wake mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na mimba ikitokea amtendee kama ambavyo angependa bosi wake amtendee yeye.

Tukutane juma lijalo.