Ukimlisha Kondoo, Unalisha Vijidudu vya Tumboni
(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji wadogo, Nakuru)



Leo tuzungumze juu ya kondoo anayekonda huku amesimama kwenye nyasi nyingi. Wengi wenu mna kondoo watatu, wanne, labda kumi. Hao ndio benki yenu. Karo ikidaiwa, mmoja anapelekwa sokoni. Basi kondoo akikonda, bei nayo inakonda, na anayerudishwa nyumbani ni mtoto.

Kwanza tuelewe tumbo lake. Tumbo la kondoo lina sehemu nne. Ile ya kwanza, kubwa kupita zote, ni kama mtungi wa kuchachia. Ndani yake mna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Kondoo mwenyewe hawezi kuvunja nyuzi ngumu za nyasi; vijidudu ndivyo vinavyozichachisha na kutoa asidi zinazoingia kwenye damu na kumpa nguvu. Gesi inayobaki anaitoa kwa kubeua, na hiyo ni sehemu ya chakula iliyopotea bure. Baadaye vijidudu vyenyewe vinateremka na kumeng'enywa, vikawa protini. Kwa hiyo ukimlisha kondoo, unalisha vijidudu kwanza.

Sasa mtauliza, hayo yanahusu nini Nakuru? Yanahusu sana. Zamani za ukoloni mifugo ya sehemu hizi ilidhoofika na kufa, na ugonjwa huo ukapewa jina la mji wetu: Nakuruitis. Kwanza wataalamu walidhani ni upungufu wa chuma. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Australia waligundua kwamba magonjwa ya namna hiyo huletwa na upungufu wa madini yaitwayo kobalti. Udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkano, na nyasi haziwezi kutoa kisichokuwa ardhini.

Kobalti inatakiwa kidogo sana, karibu miligramu 0.1 katika kila kilo ya lishe kavu. Lakini bila hiyo kidogo, vijidudu haviwezi kutengeneza vitamini B12. Na bila vitamini hiyo, kondoo hawezi kugeuza sawasawa moja ya zile asidi iwe sukari ya mwilini. Ni kama kuni zinawaka na sufuria haiko mekoni. Hamu ya kula inapotea, manyoya yanakatika, macho yanatoa machozi, ukifunua kope ndani ni peupe, na wana-kondoo wanazaliwa wanyonge. Kondoo huumia zaidi kuliko ng'ombe, hasa wale wachanga wanaokua.

Tufanye nini basi?

Kwanza, msikimbilie kununua. Minyoo nayo hukondesha na kufanya kope ziwe nyeupe. Mwiteni daktari wa mifugo. Hapa Nakuru tunayo maabara ya uchunguzi wa mifugo, ambako kondoo akifa anaweza kuchunguzwa ijulikane amekufa na nini.

Pili, wekeni chumvi ya madini ya kulamba, yenye kobalti, mahali pasiponyeshewa, kila siku. Chumvi ya jikoni au magadi matupu hayatoshi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Basi na kondoo tumpe cha kulamba kabla hatujamdai karo. Lakini someni karatasi iliyo kwenye mfuko. Chumvi ya ng'ombe mara nyingi ina shaba nyingi, na kondoo huilimbikiza shaba kwenye ini pole pole mpaka siku moja anaanguka. Ulizeni ile iliyotengenezwa kwa kondoo.

Tatu, wenzetu wa Njoro na Mau Narok wana mabua ya ngano. Mabua yana nguvu, lakini vijidudu havipati naitrojeni ya kutosha humo. Urea inaweza kuwapa, ila ikizidi inageuka amonia na kuua kwa muda wa saa chache. Msiitie kwenye maji ya kunywa, msiwape wana-kondoo, wala mtu asipime kwa kukisia. Afadhali kuchanganya mabua na majani ya jamii ya kunde kama lusini, au majani ya viazi vitamu, kuongezea, mpaka ofisa wa mifugo awafundishe vipimo.

Nne, chakula kipya kiingizwe taratibu, kwa wiki mbili hivi. Kondoo akishibishwa mahindi ghafla, asidi inajaa tumboni, vijidudu vizuri vinakufa, na kondoo naye anaweza kuvifuata.

Mwisho, mtu mmoja mwenye kondoo wanne ataona mfuko wa chumvi ni ghali. Kikundi cha watu kumi wakichanga, kila mmoja anapata fungu lake. Kwa hiyo kabla hatujaachana leo, kila kikundi kichague watu wawili wa kwenda kwa ofisa wa mifugo, na mweka hazina aandike nani ametoa ngapi. Mkutano ujao mje mtueleze mmeambiwa nini.