Umri wa Shangazi: Saratani ya Matiti na Urithi katika Ukoo



Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa Paris, Paul Broca, alichapisha habari za ukoo wa mkewe, ambamo saratani ya matiti ilikuwa ikiua wanawake kizazi baada ya kizazi. Alishuku urithi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wengi hawakushawishika, na sababu yao ilikuwa nzito: ugonjwa huu umeenea. Marekani, kwa mfano, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 8 katika maisha yake. Ndugu watatu wakiugua, huenda ni urithi, huenda ni bahati mbaya tu.

Mary-Claire King, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyelifumbua fumbo hili. Alikuwa na familia 23 zenye wagonjwa 146. Zikichanganywa zote pamoja, hazikuonyesha jambo la kueleweka. Akazipanga kwa umri ambao wanawake wao waliugua, waliougua wakiwa vijana wakitangulia. Hapo alama ya urithi ikajitokeza kwenye kromosomu ya 17. Katika familia za waliougua uzeeni haikuonekana. Hiyo ilikuwa mwaka 1990. Jeni yenyewe, BRCA1, ilinaswa mwaka 1994 na kundi shindani la Utah, na mabishano ya hataza yakaendelea hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, mwaka 2013, kwamba vinasaba vya asili havimilikiwi.

Navutiwa zaidi na ule mpango wa umri kuliko mashine zote zilizofuata. Ndiyo maana fomu inayouliza tu, “Je, kuna saratani katika familia?” hunikera. Aliyeugua ni nani? Wa upande gani? Akiwa na miaka mingapi? BRCA1 haiko kwenye kromosomu za jinsia: baba huirithisha sawasawa na mama, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu. Shangazi aliyefariki akiwa na miaka 38 ana uzito mkubwa kuliko bibi mzaa mama aliyeugua akiwa na 80, lakini ni huyo shangazi anayesahaulika, hasa pale msibani iliposemwa tu kwamba “aliumwa kifua”.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu. Utafiti wa Ibadan, Nigeria, uliochapishwa mwaka 2018 na kumhusisha mtafiti Olufunmilayo Olopade pamoja na King mwenyewe, ulipima wagonjwa 1,136. Asilimia 14.7 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni za hatari. BRCA1 peke yake ilikuwa asilimia 7.

Nani apimwe kwanza, basi? Aliye mgonjwa, sio binti yake mwenye afya. Binti akipimwa peke yake na kisionekane kitu, hatujui kama amekwepa hitilafu ya ukoo wake au kama ukoo una hitilafu ambayo kipimo hakikuiona. Ikishapatikana kwa mama, swali la binti huwa moja tu: hiyohiyo anayo au hana? Akiwa hana, hawezi kuwarithisha wanawe, na hatari yake hushuka karibu na ile ya wanawake wengine. Ataendelea kuchunguzwa matiti kama wao.