Ishara ya Kiziwi ni Kauli



Bubu alipotaka kuoa au kuuza, wanavyuoni hawakumnyima haki kwa kukosa ulimi. Ishara yake yenye kufahamika waliihesabu kuwa ni kauli.

Basi na sisi tuwapimapo wenye haja ya msaada, twafanyaje? Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na sheria yetu wenyewe ikafuata mwaka 2018. Lakini mpimaji aonapo miguu mizima na mikono yenye nguvu, huandika kwamba hapana shida. Maswali humwuliza nduguye, na kiziwi mwenyewe ameketi kando, hajui lililoulizwa wala lililojibiwa.

Shida yake haimo miguuni. Imo zahanatini, barazani kwa hakimu na sokoni, kila penye maneno. Yafaa aulizwe habari za huko, kwa lugha ya ishara, kupitia mkalimani aliyemridhia mwenyewe.

Nasi tuanzie hapa petu: kabla ya kugawa zaka, tumtafute ajuaye ishara.

Wabillahi tawfiq.