Mjamzito kwenye Mlango wa Dharura

Mchukulie mjamzito anayefikishwa idara ya dharura huko Idaho, Marekani. Chupa imepasuka mapema mno, homa inapanda, damu inamtoka. Daktari anajua la kufanya. Anachohofia ni jela.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, EMTALA, inaitaka hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea fedha za Medicare, bima ya wazee, impime kila anayefika na kuituliza hali yake, awe na pesa asiwe nazo. Mwenye uchungu wa kujifungua ametajwa humo waziwazi.

Tatizo lilianza 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Kitabibu, Idaho iliruhusu hatua hiyo kwa kuokoa uhai wa mama tu, si afya yake, na daktari anayekiuka anaweza kufungwa jela. Mapema 2024, amri ya mahakama iliyowakinga madaktari wanaofuata EMTALA ilipositishwa, hospitali za St. Luke's zilisafirisha wajawazito 6 kwa ndege kwenda nje ya jimbo.

Juni 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilifuta mwongozo uliosema EMTALA inahusu pia utoaji mimba wa dharura. Sheria yenyewe ipo palepale, na hospitali inayoikiuka bado yaweza kutozwa faini au kuondolewa Medicare.