Maabara Huanzia Kabatini: Seva, Waya na Umeme katika Kufunga Kompyuta Nyepesi Shuleni

Mada hii inahusu mashine ambayo ukiifungua hukuti kitu kikubwa ndani. Kompyuta nyepesi ni kisanduku kisicho na feni, mara nyingi kisicho na diski, chenye ukubwa wa kitabu cha kiada, na hufungwa kwa skrubu nne nyuma ya skrini. Kina prosesa ndogo, kumbukumbu kidogo, tundu la waya wa mtandao na matundu ya kibodi na kipanya, basi. Programu anazotumia mwanafunzi, faili zake na nywila yake viko kwenye seva, yaani kompyuta moja inayohudumia darasa zima. Wauzaji huvipeleka vifaa hivi shuleni kwa sifa tatu: bei nafuu, havili umeme, havihitaji matengenezo. Sifa mbili za kwanza zina ukweli wake. Ya tatu haina, na ndiyo inayoua maabara. Hoja yangu ni kwamba kazi ya matunzo haipotei shule inapochagua kompyuta nyepesi. Huhama kutoka madawatini, ikakusanyika kabatini palipo na seva, swichi na betri. Kwa hiyo bajeti, zabuni na ratiba ya ukaguzi vinapaswa kuanzia hapo kabatini, na idadi ya viti ije baadaye.

Tazama kinachotokea mwanafunzi anapowasha mashine isiyo na mfumo wowote ndani. Mashine hutuma swali kwenye waya: nani atanipa anwani? Seva huipa anwani pamoja na jina la faili la kuanzia. Mashine hulivuta faili hilo, hulipakia kwenye kumbukumbu, kisha huendelea kuvuta sehemu nyingine za mfumo hadi ukurasa wa kuingilia utokee. Mafundi huuita utaratibu huu PXE, na uzuri wake ni kwamba swali huulizwa kwa wote walio kwenye waya. Udhaifu wake uko hapohapo. Mtu akichomeka kwenye swichi ruta ya Wi-Fi iliyotoka dukani, nayo hujibu swali lilelile. Baadhi ya mashine hupata anwani ya ruta, hazioni faili la kuanzia, hukwama. Jirani zake zinawaka vizuri. Fundi asiyejua hili atabeba mashine nzima mbili tatu kwenda karakana akidhani zimeungua. Vivyo hivyo, mtu anayefagia chumba akiuona waya unaning'inia na kuuchomeka kwenye tundu tupu, bila kujua kwamba ncha ya pili iko kwenye swichi ileile, ujumbe huanza kuzunguka bila kikomo na darasa zima husimama. Katika visa vyote viwili dawati halina kosa. Dawa ni kabati lenye kufuli, waya zenye lebo pande zote mbili, na swichi yenye uwezo wa kugundua mzunguko wa namna hiyo na kuufunga.

Hesabu ya mwendo wa mtandao inaonyesha jambo hilihili kwa tarakimu. Tuseme kila mashine huvuta megabaiti 300 hadi kuwaka kabisa, na mashine 20 zimewashwa kwa pamoja kengele ya kipindi ilipolia. Hizo ni megabaiti 6,000, sawa na megabiti 48,000. Seva ikiwa imeunganishwa kwa tundu la megabiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua sekunde 480, yaani dakika 8 katika kipindi cha dakika 40. Ikiunganishwa kwa tundu la megabiti 1,000, ni sekunde 48. Mashine ni zilezile na seva ni ileile. Kilichobadilika ni swichi na ubora wa waya mmoja. Lakini angalia hati nyingi za zabuni zinavyoandikwa: aina ya prosesa ya kila kituo hutajwa kwa makini, kisha swichi huandikwa kwa neno moja tu, "swichi". Kumbukumbu ya seva nayo husahaulika. Pale programu zote zinapoendeshwa kwenye seva, kivinjari cha siku hizi chenye kurasa chache hula gigabaiti nzima bila taabu. Wanafunzi 20 wanahitaji gigabaiti 20 kabla hata mfumo wenyewe haujahesabiwa, kwa hiyo seva ya gigabaiti 32 ndiyo ya kuanzia.

Upande wa umeme ndiko faida ilipo kubwa, na ndiko inakopotea kwa uzembe. Kituo chenye kompyuta nyepesi ya wati 10 na skrini ya wati 20 hutumia wati 30; vituo 20 ni wati 600. Ukiongeza seva ya wati 150 na swichi ya wati 30, jumla ni wati 780, wakati kompyuta 20 za kawaida pamoja na skrini zake, kwa wastani wa wati 100 kila moja, zingefika 2,000. Shule inayotegemea jua au jenereta inaelewa maana ya tofauti hiyo bila kuelezwa. Kubwa zaidi ni kwamba umeme unapokatika, kituo kisicho na diski hakiharibikiwi na chochote. Kinachohitaji kulindwa ni seva na swichi, wati 180 tu, na UPS moja ya wastani, yaani betri ya akiba, inatosha kuvishikilia hadi vizimwe kwa utaratibu. Hapa pana kitu kidogo ninachotaka kila shule ikakikague: waya mwembamba wa USB unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye seva. Waya huo ndio unaoiambia seva kwamba umeme umekatika na betri inakaribia kuisha, ili ijizime yenyewe hata kama chumba kimefungwa na mwalimu yuko nyumbani. Mara nyingi hubaki ndani ya boksi pamoja na karatasi za maelekezo. Bila waya huo, UPS hurefusha tu muda kabla seva haijaanguka ghafla. Betri zake za risasi nazo huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, na joto la pwani hufupisha muda huo; basi tarehe ya kufungwa iandikwe juu ya UPS kwa kalamu ya wino mzito, na pesa ya betri mpya iwemo kwenye bajeti.

Vituo vyenyewe vinahitaji matunzo mepesi. Adapta ndiyo hufa kwanza, na hatari yake ni kubadilishana: ya volti 19 ikiingia kwenye mashine ya volti 12, mashine inaweza kuungua papo hapo, kwa hiyo kila adapta ipakwe rangi inayofanana na mashine yake. Betri ndogo ya saa, ile ya mviringo ya CR2032, ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, tovuti salama hukataa kufunguka, na mpangilio wa kuanzia kwenye mtandao unaweza kupotea. Ni kifaa cha bei ndogo sana kinachofanya mashine nzima ionekane mbovu. Vumbi hufutwa, matundu ya hewa huachwa wazi, inatosha.

Leseni ni tatizo lisiloonekana siku ya kufunga. Anayetumia Windows Server kuhudumia vituo anahitaji leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, juu ya leseni ya seva yenyewe. Mfumo huruhusu siku 120 za matazamio bila leseni hizo, kisha huanza kukataa watu. Maabara iliyozinduliwa Januari kwa shangwe hufa Mei, na shule haina habari ya kilichotokea. Njia ya Linux haina kikwazo hicho. Mradi wa Linux Terminal Server Project (LTSP), ulioanzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999, unatumika hadi leo. Nchini Namibia, SchoolNet iliyoanzishwa mwaka 2000 ilifunga maabara za namna hii shuleni, na Afrika Kusini mradi wa tuXlab ulifanya hivyo katika Western Cape.

Pingamizi kubwa ni hili: seva ikifa, wote wamekaa. Ni kweli, na halistahili kujibiwa kwa maneno matamu. Lakini tulipime dhidi ya hali halisi ya upande wa pili. Chumba chenye kompyuta 20 zinazojitegemea hakifi siku moja. Hufa kidogokidogo, leo diski moja, mwezi ujao virusi kwenye tatu, hadi mwaka wa pili wanafunzi watano wanagombea mashine moja na hakuna aliyeona msiba ulianza lini. Kifo cha seva kinaonekana na wote, na kinazuilika kwa diski mbili zinazonakiliana, nakala ya faili iliyo nje ya chumba, na kompyuta ya pili ya kawaida iliyowekwa mfumo uleule ikisubiri stoo. Gharama hiyo ni ya lazima, na asiyeimudu apunguze viti. Wengine husema video na usanifu wa picha huzishinda mashine hizi. Pale programu zinapoendeshwa kwenye seva, nakubali. Ndiyo maana toleo la LTSP lililoandikwa upya mwaka 2019 hupendelea kituo kivute mfumo kutoka kwenye seva lakini kitumie prosesa yake chenyewe. Njia hiyo inafaa pia kwa kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11, ambazo zimebaki njia panda tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa wanaohoji kwamba mwanafunzi wa ufundi hatajifunza kufungua kompyuta, jibu ni meza moja ya kompyuta kuukuu za kufungulia, kando ya maabara.

Linalonisumbua zaidi ni mtu. Kazi iliyokusanyika kabatini inamtaka anayelielewa kabati, na shule nyingi humpa funguo mwalimu wa TEHAMA bila nywila ya seva, ambayo hubaki kwa mzabuni aliyeko mji mwingine. Nywila hiyo iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Na siku ya makabidhiano, kabla hati haijatiwa sahihi, swichi kuu ya umeme izimwe mashine zote zikiwa kazini. Seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Umeme urudishwe, vituo vyote 20 viwashwe kwa pamoja, muda uhesabiwe. Kisha diski moja kati ya mbili ichomolewe, ionekane kama darasa linaendelea. Katika hatua zote hizo anayeshika kibodi awe mwalimu wa shule, na mzabuni akae pembeni. Likishindikana lolote, hati isubiri.